Ufaransa na Vanuatu: ubalozi wa nini kwenye visiwa vya watu laki tatu?

Tarehe 17 Desemba 2024 tetemeko la ukubwa wa 7.3 liliipiga Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, na picha iliyozunguka sana ni ya jengo moja ambalo sehemu ya chini imebondeka kabisa. Humo ndani zilikuwa ofisi za ubalozi za Marekani, Uingereza, Ufaransa na New Zealand, zote paa moja. Watu wengi ndo siku hiyo walilisikia hilo jina la Vanuatu kwa mara ya kwanza, na swali likaja lenyewe: hawa wakubwa wote wanatafuta nini kwenye visiwa vyenye watu kama laki tatu, ambao hawafiki hata wa wilaya ya Kinondoni peke yake?

Marekani na New Zealand tuwaache kwanza. Mi nataka niongelee Ufaransa, maana hapo ndo watu wanachanganya mambo kweli kweli. Utamkuta mmoja anasema Vanuatu ni koloni la Ufaransa mpaka leo, mwingine anasema Wafaransa walifukuzwa huko zamani hawana chao, wa tatu anasema nchi iliyofukuza balozi haiwezi tena kuwa na uhusiano na ile nchi nyingine. Wote watatu wamekosea, ila kila mmoja kashika kipande cha ukweli.

Tuanze na maneno. Uhusiano wa kidiplomasia ni makubaliano tu ya nchi mbili kwamba kila moja inamtambua mwenzake kuwa ni nchi na serikali zao zitakuwa zinaongea rasmi. Basi, ni hivyo tu. Hauhitaji jengo wala bendera getini, na hauhitaji hata kupendana. Ubalozi ni ofisi, na ofisi ni gharama, kodi na mishahara na magari na walinzi, kwa hiyo nchi nyingi tu zina uhusiano na nchi ambazo hazina hata meza huko. Ndo maana kwenye taarifa ya habari unasikia balozi wa nchi fulani "mwenye makazi yake Nairobi" kawasilisha hati za utambulisho Ikulu, yaani jamaa anaishi Nairobi ila anahudumia nchi tatu nne za jirani. Vanuatu nayo inafanya hivyo hivyo Ulaya, ina ofisi Brussels, haiwezi kufungua kila mji mkuu wa bara zima. Hata matajiri wanabana matumizi: Uingereza ilifunga ofisi yake Port Vila mwaka 2005 na ikarudi 2019, na miaka yote hiyo katikati uhusiano ulikuwepo, hakuna aliyemnunia mwenzake.

Kufukuza balozi nako ni kitu kimoja na kuvunja uhusiano ni kitu kingine. Mkataba wa Vienna wa 1961, ambao ndo karibu dunia nzima inautumia kwenye haya mambo, unasema nchi inaweza kumwambia mwakilishi yeyote wa nchi nyingine kwamba hatakiwi tena, na hailazimiki kutoa sababu. Anafungasha anaondoka, nchi yake inaweza kuleta mwingine, maisha yanaendelea. Kuvunja uhusiano ni hatua nzito zaidi, ni serikali kusema hatuongei tena rasmi, na sisi Watanzania tunaijua hiyo kwa vitendo. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), Waingereza waliposhindwa kumdhibiti Ian Smith, kiongozi wa Wazungu wachache aliyejitangazia uhuru, na ukarudishwa mwaka 1968. Ila muda wote huo Tanzania haikutoka Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo unaweza kukata mawasiliano na serikali ya nchi huku mmekaa chama kimoja, inawezekana na imeshatokea. Shika hayo mambo matatu, uhusiano, ofisi, na mtu anayekaa ofisini, maana ukiyachanganya stori ya Vanuatu haitaeleweka hata kidogo.

Mbali wapi?

Kosa kubwa zaidi la watu ni kuangalia ramani wakapima kutoka Paris. Ukipima hivyo ni zaidi ya kilomita 16,000, na unabaki unajiuliza inakuwaje. Lakini Ufaransa haiko Paris tu. Kusini magharibi mwa Vanuatu, kama saa moja hivi kwa ndege, kuna New Caledonia, ambayo Ufaransa imeishika tangu 1853, ina madini ya nikeli, ina jeshi la Ufaransa na polisi wa Ufaransa, na watu wake wanapiga kura za urais wa Ufaransa. Kwa hiyo Ufaransa na Vanuatu ni majirani. Wanapakana baharini, wanagombania mpaka kama majirani, wanasaidiana kwenye majanga kama majirani, na wanaingiliana mambo ya ndani, na hilo nalo majirani wanalifanya sana. Ukishalielewa hilo karibu kila kitu kwenye uhusiano wao kinajieleza chenyewe.

Kwa faida ya ambaye hajui kabisa: Vanuatu ni visiwa kama 83 vilivyopangana kaskazini kwenda kusini kwa karibu kilomita 1,300, volkano zipo, vimbunga vipo, lugha za asili ni zaidi ya 100, na inayowaunganisha wote ni Bislama, ambayo ukiisikia utadhani mtu anaongea Kiingereza kimekunjwa, halafu ndani yake kuna maneno ya Kifaransa yamejificha. Katiba inasema lugha rasmi ni Bislama, Kiingereza na Kifaransa. Swali la maana ni hivi: Kiingereza na Kifaransa viliingiaje pamoja kwenye nchi moja ndogo hivyo?

Serikali mbili juu ya ardhi moja

Hapa inabidi tukae kidogo, maana sehemu hii ni tamu na ni ya ajabu.

Mwaka 1904 Uingereza na Ufaransa walikaa kumaliza ugomvi wao wa makoloni duniani kote, na kwenye moja ya matamko yao ya Aprili 1904 waliweka vitu vitatu karatasi moja: Siam (Thailand ya leo), Madagaska na hivi visiwa, ambavyo wakati huo viliitwa New Hebrides, jina alilolitoa Kapteni Cook mwaka 1774. Kwa Madagaska Mwingereza aliacha kulalamikia ushuru wa forodha wa Mfaransa. Kwa New Hebrides hawakuelewana nani achukue, walowezi wa pande zote walikuwa wameshajaa na mashamba yao ya minazi, basi wakaamua kutawala wote wawili kwa pamoja. Mkataba ukasainiwa Oktoba 1906. Utawala wa namna hiyo wa wakoloni wawili ulikuwepo Sudan pia, Mwingereza na Misri, ila kule Sudan kila mtu alijua bosi ni nani. New Hebrides hapakuwa na bosi.

Chukulia una kiwanja chako cha urithi, siku moja wanakuja watu wawili wasioelewana wanajenga humo nyumba moja, kila mmoja ana funguo zake, kila mmoja ana sheria zake za geti na za choo, kila mmoja anakuja kudai kodi kwa wakati wake, na wewe mwenye kiwanja umegeuzwa mpangaji ambaye jina lake halipo hata kwenye daftari. Na usidhani natia chumvi. Wenyeji wa visiwa kisheria hawakuwa raia wa Uingereza wala wa Ufaransa, walikuwa hawana uraia wa nchi yoyote, kwenye ardhi yao wenyewe, mpaka uhuru ulipokuja 1980.

Wakoloni wao walikuwa na kila kitu mara mbili. Makamishna wawili, polisi wa aina mbili wenye sare tofauti, magereza mawili, shule za aina mbili, hospitali za aina mbili. Stempu za posta zilitolewa za Kiingereza na za Kifaransa. Mgeni wa taifa la tatu akifika, tuseme Mswidi, ilibidi achague anataka kuwa chini ya sheria ya nani, ya Mwingereza au ya Mfaransa, na unaweza kukisia kwamba watu walikuwa wanachagua ile inayowafaa. Juu ya hayo yote kulikuwa na utawala wa tatu wa pamoja, na mahakama ya pamoja ambayo rais wake aliteuliwa na mfalme wa Hispania, kwa sababu hao wawili hawakuaminiana kuweka jaji wa upande mmoja. Inasimuliwa kwamba jaji wa kwanza Mhispania alikuwa hasikii vizuri na lugha zote mbili zinampiga chenga, na pia kwamba kulikuwa na mtu wa kuhakikisha bendera mbili zinapepea urefu sawa asubuhi, isije moja ikaipita nyingine. Hizo za mwisho zichukue kama simulizi. Zile za kwanza ni historia iliyoandikwa.

Matokeo yake ni kwamba watoto wa kijiji kimoja waligawanyika, huyu kasoma kwa wamisionari Waprotestanti wa Kiingereza, huyu kasoma kwa Wakatoliki wa Kifaransa, na siasa ikafuata mstari huo huo. Kufika miaka ya 70 waliotaka uhuru haraka walikuwa zaidi upande wa Kiingereza, chama chao Vanua'aku Pati chini ya padre wa Kianglikana, Walter Lini. Upande wa Kifaransa waliogopa kumezwa, na Ufaransa nayo haikuwa na haraka yoyote, kwa sababu ikiachia hapa watu wa New Caledonia watauliza na sisi je? Tena hapo usisahau neno jirani.

Lini akashinda uchaguzi Novemba 1979. Miezi michache kabla ya uhuru, kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote, Espiritu Santo, kiongozi mmoja anaitwa Jimmy Stevens na kundi lake la Nagriamel wakatangaza kujitenga na kuita nchi yao Vemerana. Nyuma yake kulikuwa na walowezi wa Kifaransa na matajiri fulani wa Kimarekani waliotaka nchi isiyo na kodi, na madai ya Lini kwamba maafisa wa Kifaransa walikuwa wanamshika mkono hayakuwa ya hewani. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yakapelekwa Santo yakakaa tu. Uhuru ukaja tarehe 30 Julai 1980 huku kisiwa kimoja kiko nje ya mkono wa serikali, na Lini akaona hao wawili hawatamsaidia, akaomba wanajeshi wa Papua New Guinea, wakaja Agosti, wakamaliza kazi. Stevens alifungwa, akatoka 1991. Walowezi wengi wa Kifaransa waliondoka au kuondolewa, na katiba mpya ikasema ardhi yote ya nchi ni ya wenyeji kwa mila na vizazi vyao. Kwa mlowezi mwenye hati ya shamba la minazi la miaka 50, hiyo sentensi moja ya katiba ilitosha.

Kwa hiyo anayesema Vanuatu ni koloni la Ufaransa anaichanganya na New Caledonia au Polynesia ya Ufaransa. Vanuatu ni jamhuri huru, ina kiti chake UN tangu 1981, na hata kabla ya uhuru Ufaransa haikuwahi kuwa nayo peke yake.

Mabalozi wawili walifungashiwa virago

Uhusiano ulioanza hivyo usitegemee ukae sawa. Mwaka 1981, uhuru haujamaliza hata mwaka, katibu mkuu wa chama tawala, Barak Sope, alizuiwa kuingia New Caledonia. Vanuatu ikajibu kwa kumfukuza balozi wa Ufaransa. Mwaka 1987 ikafukuza mwingine, Henri Crépin-Leblond, safari hii tuhuma ikiwa kwamba ametoa hela nyingi kwa vyama vya upinzani. Ufaransa ikakata misaada. Hali ikaja kupoa baada ya uchaguzi wa 1991, alipoingia Maxime Carlot Korman, waziri mkuu wa kwanza aliyetoka upande wa Kifaransa. Yaani ule mstari wa shule za wamisionari bado ulikuwa unaamua nani anaongea na Paris na nani haongei.

Wengine wanashangaa, nchi ndogo hivi inapata wapi jeuri ya kufukuza balozi wa Ufaransa mara mbili ndani ya miaka saba? Jibu ni kwamba sheria ya Vienna haina kipimo cha ukubwa. Haki ya Vanuatu kumfukuza balozi ni ile ile ya Marekani. Tofauti inakuja kwenye bili baada ya hapo, nani ataumia misaada ikikatwa, na Vanuatu iliumia.

Halafu kuna kura. Kwenye Baraza Kuu la UN Vanuatu ina kura moja na Ufaransa ina kura moja (veto ni habari ya Baraza la Usalama, usichanganye). Desemba 1986 nchi za Pasifiki, Vanuatu ikiwa mbele kwenye kelele, zilifanikisha New Caledonia irudishwe kwenye orodha ya UN ya maeneo ambayo bado hayajajitawala. Ufaransa ilichukia mno. Ile orodha haimlazimishi Mfaransa kuondoka kesho asubuhi, lakini inamfanya awe anaulizwa kila mwaka, na hakuna mkubwa anayependa kuulizwa kila mwaka mbele za watu. Hapo nadhani unaanza kuona kwa nini mkubwa analipia ofisi kwenye nchi ya watu laki tatu: visiwa kumi na kitu vya namna hiyo vikipiga kura pamoja si mchezo. Ndo hiyo hiyo Vanuatu iliyolibeba suala la tabianchi, likianzia kwa wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Pasifiki Kusini mwaka 2019, mpaka Baraza Kuu likakubali Machi 2023 kuiomba Mahakama ya Kimataifa ya The Hague itoe maoni, na mahakama ikatoa Julai 2025 kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kwenye jambo hilo.

Kuna na hii ya vilabu. Wengi wanadhani ukiwa Jumuiya ya Madola huwezi kuwa kwenye Francophonie, yaani jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa, au ukiwa Francophonie basi uko mfukoni mwa Paris. Vanuatu iko zote mbili. Ndugu zetu Wanyarwanda wanalijua hili vizuri, Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola 2009 bila kutoka Francophonie, na leo katibu mkuu wa hiyo Francophonie ni Mnyarwanda, Louise Mushikiwabo. Nchi inachukua faida kila mahali inapopata. Kwa Vanuatu faida ni shule, walimu, skolashipu, na kwa Ufaransa faida ni kwamba kuna watu karibu na New Caledonia wanaoongea Kifaransa bila kuwa chini yake, kitu ambacho ukiangalia hakipatikani kwingine popote kwenye visiwa huru vya Pasifiki.

Misaada ya majanga nayo isidharauliwe. Tangu 1992 Ufaransa, Australia na New Zealand wana makubaliano yanaitwa FRANZ ya kusaidiana kupeleka misaada Pasifiki kimbunga kikipiga, na kwa Vanuatu yamefanya kazi kweli, kimbunga Pam 2015, Harold 2020, Judy na Kevin walioongozana wiki moja Machi 2023. Ndege na meli zinatoka Nouméa, mji mkuu wa New Caledonia, sio Paris, na Vanuatu nayo ina ubalozi mdogo pale Nouméa. Tetemeko la Desemba 2024 liliikuta Ufaransa kwenye wakati mbaya ajabu, siku tatu kabla kimbunga Chido kilikuwa kimeipiga Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa huku kwetu bahari ya Hindi, kwa hiyo wiki moja ile ile walikuwa wanapeleka msaada bahari mbili, na Port Vila hata ofisi yao wenyewe iko kwenye vifusi.

Ila usichanganye Ufaransa na Umoja wa Ulaya. Watu waliposikia Vanuatu imenyimwa kuingia Ulaya bila viza wakasema aah, Mfaransa analipiza. Hapana. Vanuatu inauza uraia, ukiwa na kama dola laki moja na thelathini unapata pasipoti, na kwa muda mrefu pasipoti hiyo ilikuwa inakupeleka nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, bila kuomba viza. Wanaonunua wengi hata hawajawahi kukanyaga huko. Umoja wa Ulaya ulianza kusitisha Mei 2022 kwa pasipoti zilizotolewa tangu 2015, ukasitisha zote Februari 2023, na Desemba 2024 ukafuta moja kwa moja. Uingereza nayo ikaweka viza Julai 2023. Huo ni uamuzi wa kundi la nchi kuhusu usalama wa mipaka yao, na mkulima wa kava (mmea wa kinywaji chao cha asili) wa kisiwa cha Tanna, ambaye hajauza pasipoti kwa mtu, anapanga foleni ya viza kwa sababu ya biashara ya wengine. Uhusiano wa Port Vila na Paris uko pale pale.

Mawe mawili na bahari yake

Nimekiacha mwisho kitu ambacho mi naona ndo moyo wa jambo lote. Kusini kabisa, mashariki mwa New Caledonia, kuna visiwa viwili vya volkano, Matthew na Hunter. Kila kimoja hakifiki hata kilomita moja ya mraba. Hakuna mtu anayeishi, hakuna maji, moshi wa salfa na ndege wa baharini tu. Ufaransa inasema ni vyake, ilivichukua 1929, na miaka ya 70 ikaviweka chini ya New Caledonia. Vanuatu inasema ni vyake, watu wa visiwa vya kusini kama Aneityum na Tanna wana majina yao ya hivyo visiwa na vimo kwenye mila zao, na mwaka 1983 ilituma watu wakasimamisha bendera Hunter.

Kwa nini wagombanie mawe? Sheria ya bahari inaipa nchi ukanda wa kiuchumi wa maili 200 za baharini kutoka ufukweni, kama kilomita 370, ambapo samaki na chochote kilicho chini ni chako. Chora duara kamili la kilomita 370 kuzunguka jiwe moja, unapata karibu kilomita za mraba 430,000, ambayo ni kama robo tatu ya Kenya. Uhalisia ni pungufu sana kwa sababu majirani wanakatana katikati, lakini umeelewa hesabu inavyokwenda. Ufaransa ni ya pili duniani kwa ukubwa wa bahari, zaidi ya kilomita za mraba milioni 10, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka kwenye vipande vidogo vilivyotawanyika namna hii. Wakomoro wanaijua hiyo hesabu kwa Mayotte, Wamalagasi wanaijua kwa visiwa vidogo vya Juan de Nova na Glorioso, na Ufaransa ikiachia kimoja Pasifiki kesho Antananarivo watapiga simu.

Sheria hiyo hiyo lakini inasema jiwe lisiloweza kubeba makazi ya watu wala uchumi wake lenyewe halipewi maili 200. Kwa hiyo kuna hoja kwamba Matthew na Hunter, awe nani mwenyewe, vinapata maili 12 tu za bahari ya mpaka. Hoja hiyo hakuna upande unaoishangilia sana, na ukifikiria kidogo utajua kwa nini.

Kinachoipa Vanuatu nguvu ni kitu ambacho wanasheria wa Paris hawakukitarajia. Ufaransa inavidai hivyo visiwa kwa jina la New Caledonia. Mwaka 2009 viongozi wa Wakanaki, wenyeji wa New Caledonia, kupitia FLNKS, muungano wao wa vyama vinavyodai uhuru, walisaini tamko na waziri mkuu wa Vanuatu, Edward Natapei, kwamba kimila visiwa ni vya Vanuatu. Yaani yule ambaye Mfaransa anasema anamtunzia mali yake, anasema mali si yangu, ni ya jirani. Na FLNKS ni mwanachama kamili wa umoja wa nchi za Melanesia ambao makao yake makuu yako Port Vila, anakaa meza moja na Fiji, Visiwa vya Solomon na Papua New Guinea bila kuwa nchi.

Julai 2023 Emmanuel Macron alifika Port Vila, rais wa kwanza wa Ufaransa kuitembelea Vanuatu tangu iwe huru. Alitoa hotuba ya kuonya juu ya ubeberu mpya unaoingia Pasifiki na kutishia uhuru wa nchi ndogo, China hakuitaja lakini kila mtu alijua anamsema nani. Mwenyeji wake, waziri mkuu Ishmael Kalsakau, alikuwa na lake la kusema, Matthew na Hunter, na akataka limalizwe. Wakakubaliana mazungumzo yaendelee. Mpaka wa bahari kati yao bado haujachorwa kwenye sehemu hiyo, na kwenye ramani za Paris na ramani za Port Vila hayo mawe mawili yana mwenyewe tofauti.